Taa ya Ndani ya Gari la Mama Wakesho

Wanangu wa gereji,

Siku mliponiaga kwa soda na keki, mmoja wenu alisema niandike ninachokijua kabla sijakisahau. Nilicheka, maana mengi nimeshayasahau. Yaliyobaki kichwani ni makosa yangu na maswali yaliyonisumbua, na nadhani hayo ndiyo yatakayowafaa. Habari za vyeo mtanisamehe. Niliingia pale nikiwa fundi wa umeme wa magari na nimetoka nikiwa fundi wa umeme wa magari, tofauti ni miwani tu.

Siku ya kwanza niliteremka kutoka Mbololo hadi Voi nikiwa nimevaa rinda la kanisani, kwa sababu mama yangu aliamini kazi huanzwa kwa usafi. Kufikia saa nne asubuhi rinda lilikuwa na grisi mpaka kwenye kola, na mama hakulitaja tena maisha yake yote. Aliyenipokea alikuwa Mutiso, Mkamba mfupi mwenye maneno machache, ambaye meza yake ilikuwa pembeni chini ya mabati. Hakuniuliza nimesomea wapi. Alinipa testa, ile globu ndogo yenye waya mbili, moja ina klipu ya kubana chuma na nyingine ina ncha kali kama sindano. Akaniambia, "Ikiwaka stima iko. Isipowaka haiko. Hii haina haya."

Wiki nzima nilimenya waya tu. Wiki ya pili akaniruhusu kuingiza kichwa chini ya dashibodi. Wateja walikuja wakasimama karibu na miguu yangu iliyotokeza nje, wakauliza fundi yuko wapi. Mutiso aliwaonyesha kwa kidole bila kuinua macho, nao wakangoja fundi mwingine atokee chini ya yule mwanamke. Baada ya miaka kama mitano walizoea, na wakaanza kusema kwamba mwanamke ana mikono midogo inayofika mahali, kana kwamba wao ndio waliolifikiria.

Mutiso alinipa kanuni moja niliyoishika kazi yangu yote. "Mwenye gari atakupa hadithi," alisema. "Wewe fuata waya. Waya haina hadithi." Na kweli ilinisaidia. Kuna bwana mmoja aliyeapa kwamba gari lake huzimika kila akipita Maungu kwa sababu shemeji yake wa kule alilitazama vibaya. Nilifuata waya nikakuta ethi ya betri imelegea, na pale Maungu barabara ilikuwa na matuta. Ethi, kwa wale walioanza juzi, ni ile njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Shemeji sikumkuta popote. Baada ya visa kama hivyo nilianza kuwaitikia wateja "mhm" huku mikono ikiendelea, na nilijiona fundi mwerevu sana.

Taa ya ndani ya gari niliidharau, nawaambia wazi. Taa ya mbele ikikosekana mtu anagonga ng'ombe. Taa ya breki ikikosekana anagongwa yeye. Taa ya ndani ikikosekana, mtu anatafuta kiatu cha mtoto chini ya kiti kwa tochi ya simu, basi. Mteja akisema taa ya ndani, nilimweka nyuma ya foleni.

Lakini hata kwa dharau nilijua kuibadilisha, na ninyi mjue. Ni kazi ya dakika tano ukiwa na adabu, na ya siku mbili ukiwa na haraka. Kifuniko cha plastiki kimebanwa kwa meno mawili. Upande mmoja kuna kijishimo, na hapo ndipo bisibisi bapa huingia. Ncha yake izungushie kitambaa, la sivyo utaacha alama ambayo mwenye gari ataitazama kila siku akikukumbuka wewe. Kwa jua letu la Voi plastiki hukauka ikawa kama biskuti, kwa hiyo gari likitoka juani liache kivulini kidogo kabla hujaanza kuchokoa. Globu yenyewe ni kijiti cha kioo chenye kofia ya chuma kila ncha, kimelala kati ya vibanio viwili. Kama ilikuwa inawaka, ngoja ipoe. Itoe kwa vidole. Koleo likigusa kibanio na bodi kwa wakati mmoja, fyuzi inakwenda, na kwa magari mengi fyuzi hiyo hiyo ndiyo ya saa na redio. Mtu aliyekuletea globu akaondoka bila redio hamtaelewana tena. Hizi globu mpya za LED zina upande wake. Ukiiweka isiwake, igeuze kwanza kabla hujaanza kuwalaumu Wajapani.

Halafu kuna kile kiswichi chenye hatua tatu. Ya kwanza ni kuzima kabisa. Ya pili ni ya mlango, yaani ukifungua inawaka na ukifunga inazima. Ya tatu ni kuwaka moja kwa moja, mlango uwe wazi au umefungwa. Hii ya tatu sikuwahi kumwona mtu akiitumia barabarani, na kwa sababu hiyo sikuwa na desturi ya kuijaribu.

Sasa nije kwenye kosa letu, maana hata ninyi mnalifanya. Vumbi jekundu la huku huingia kwenye swichi ya mlango. Swichi ikikwama, gari hudhani mlango uko wazi, taa inakesha, na asubuhi betri imekufa. Swichi mpya mpaka iagizwe Mombasa. Kwa hiyo fundi anatoa globu, anaitia kwenye droo, anachaji betri na kulitoa gari. Mteja hatumwambii. Amekuja kwa ajili ya betri, na betri amepata.

Miaka michache kabla sijastaafu, mama mmoja alikuja akivutwa na pikapu. Gari lake lilikuwa lile la familia la viti saba, lenye mlango wa kuteleza, na lilikuwa safi kuliko mengi ya hapa mjini. Alikuwa na miaka kama arobaini, yeye na mumewe wanafanya kazi Voi siku za wiki, lakini shamba na nyumba yao ya hasa iko Njukini, kupita Taveta. Tulimwita Mama Wakesho kwa sababu ndivyo alivyojitaja kwenye simu. Hakupiga gumzo na mtu. Alisimama karibu na gari lake akanitazama nikifanya kazi, na mimi nikafanya kama kawaida. Swichi ya mlango wa kuteleza ilikuwa imekwama. Nikatoa globu zote tatu, ya mbele, ya katikati na ya nyuma. Ile taa ya katikati, iliyo juu ya viti vya safu ya pili, ilikuwa inacheza kidogo, kwa hiyo nikaishusha yote nikaifunga upya. Ikabaki skrubu moja. Kila fundi anajua skrubu hubaki. Niliitikisa taa, haikucheza, nami nikaitupa skrubu kwenye mkebe wa kakao niliorithi kwa Mutiso, ambao umejaa skrubu za aina hiyo tangu sijaolewa. Gari likawaka, mama akashukuru, akaondoka.

Baada ya wiki mbili hivi alirudi.

"Fundi, taa za ndani haziwaki."

"Ndio, mama, nilizitoa. Hizo ndizo zilikuwa zinamaliza betri."

"Ulizitoa?" Alisema polepole, kama mtu anayehesabu siku nyuma. "Sasa nirudishie."

"Swichi ya mlango imeharibika. Tukipata ingine nitakupigia."

"Tafuta leo. Mimi nitangoja."

Akakaa kwenye kile kiti cha gari tulichokifanya benchi, mkoba magotini. Sikuwa nimezoea mtu kungojea taa ya ndani. Nilizunguka uani nikapata swichi kwenye gari moja bovu lililokuwa limeshalala, nikaisafisha kwa petroli, nikaifunga, nikarudisha globu zote tatu kwenye hatua ya mlango. Nikamfungulia, taa zikawaka. Nikafunga, zikazima. Nilijisikia vizuri. Yeye alichungulia kupitia kioo.

"Ukifunga inazima," akasema.

"Ndivyo inatakiwa."

"Na tukiwa njiani?"

"Njiani ya nini, mama? Dereva ataona barabara aje? Na trafiki si watawasimamisha?"

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, bila hasira, "Fundi, hiyo taa ikizima, ndani ya hiyo gari hakuna mtu anaongea." Simu yake ikalia, akaona saa, akaondoka.

Mimi nikaelewa upesi sana. Mume na mke wamegombana, nikasema moyoni, na mtu akigombana na mwenzake hata taa huilaumu. Mambo ya nyumba za watu si ya fundi wa nyaya.

Mara ya tatu alikuja Ijumaa asubuhi akielekea kazini.

"Ile taa ya katikati bado."

Nikafungua mlango. Ikawaka. "Si inawaka hii?"

"Ukifunga."

"Ukifunga isiwake, mama! Ikiwaka ukifunga, kesho utarudi na betri."

Nakumbuka alivyoweka kiganja kwenye bodi ya gari, kama mtu anayejizuia. "Fundi, nisikize. Ikizima, sisi wote tunanyamaza. Kutoka hapa mpaka Njukini. Zaidi ya masaa mawili, kimya. Leo tena tunaenda."

Nami, mwanamke mzima niliyezika mume, nikaona hapa panahitaji maneno ya mkubwa. Nikamwambia, "Mwanaume akinuna mpe chakula, umwache. Wangu alininunia mwaka mzima na hatukuhitaji taa."

"Hatujagombana," akasema. Akaingia garini akaenda zake.

Ile "hatujagombana" ilinikaa. Mtu aliyegombana huwa anaisema haraka, au anaisema mara mbili. Yeye aliisema mara moja tu, kwa uchovu. Nikaanza kujiuliza ni kimya gani hiki kinachotegemea globu. Nilikaa ndani ya magari ya wateja na milango imefungwa, nikajiuliza kama giza humnyang'anya mtu maneno. Nyumbani, tukiwa mezani, nikazima taa nione. Wajukuu wangu waliongea mara mbili zaidi, tena wakaiba nyama. Nilimuuliza mwenzangu kanisani, akaniambia labda wanaogopa tembo wa pale Maktau, kwenye barabara ya Taveta, na watu wakiogopa hunyamaza. Nikakaa na jibu hilo siku mbili, nikaliona halishiki. Tembo haogopi taa ya ndani ya gari, na anayemwogopa tembo haendi kwa fundi mara tatu.

Mwishowe nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mteja yeyote. Nilimpigia simu mimi.

"Mama Wakesho, ni Fundi. Leta hiyo gari. Sijaelewa, na inanisumbua."

"Alhamisi shule zinafungwa," akasema. "Tutapitia saa sita. Sisi wote."

Walifika wakiwa watatu, na sanduku la bati la shule nyuma. Mume wake ndiye aliyekuwa akiendesha. Huyo bwana alianza kunisalimia kabla hajavuta breki ya mkono, na hakukoma. Aliniuliza habari za Mbololo, akanipa habari za maharagwe ya Njukini, akaulizia bei ya betri na kujijibu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kujaza gereji. Nikasema moyoni, huyu ndiye aliyenuna?

Kisha mlango wa kuteleza ukafunguka, akashuka msichana wa miaka kama kumi na mmoja mwenye sare ya shule. Aliitazama meza yangu yote, kuanzia waya hadi testa, kama mtu anayesoma gazeti. Baba yake alikuwa bado ananieleza habari za maharagwe. Akamgeukia yule mtoto, na mdomo wake ukasimama, mikono yake ikaanza. Mtoto akamjibu kwa mikono. Mama akaingilia kati kwa mikono, na wote watatu wakacheka jambo ambalo mimi sikulijua.

Nilibaki nimeshika bisibisi.

"Ni bubu?" nikauliza. Nawaambieni nilivyouliza, msije mkauliza hivyo.

"Ni kiziwi," mama akasema. "Maneno anayo mengi kuliko babake."

Kwangu mimi kuongea ni kazi ya mdomo. Katika nyumba ya Mama Wakesho ni kazi ya mikono, na mikono haionekani gizani. Alikuwa ameniambia jambo lenyewe kama lilivyo, mara mbili, kwa Kiswahili chepesi, nami nikampa ushauri wa ndoa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nilikwambia, Fundi," akasema.

"Uliniambia. Kwa nini hukusema una mtoto kiziwi?"

"Nikisema, watu wananihurumia. Wananihurumia sana, halafu taa inabaki vile vile."

Nikamwomba anieleze safari yenyewe, na safari hii niliweka bisibisi chini. Wakesho anasoma bweni katika shule ya watoto viziwi, mbali kidogo na mji. Kila Ijumaa ya pili wanamchukua baada ya kazi na kwenda Njukini, na giza linawakuta hawajafika Mwatate. Njiani mikono ya baba ni ya usukani. Kwa hiyo baba anasema kwa mdomo, na mama, aliyekaa nyuma na mtoto, anayageuza maneno yake kuwa ya mikono. Mtoto akijibu, mama anamsomea baba kwa sauti. Taa ya katikati iko nyuma ya mgongo wa dereva, haimsumbui. Ndivyo walivyosafiri siku zote, wakipiga soga mpaka nyumbani.

"Ijumaa ya kwanza bila taa, mimi na babake tulitaka tuendelee kuongea," mama akasema. "Halafu nikamwona Wakesho amekaa pale, ameangalia dirisha na nje hakuna kitu. Nikamwambia babake, kama yeye hawezi, na sisi tuache. Hata redio tulizima."

"Muhula mzima?"

"Muhula mzima."

Nikapanda garini. Nikasukuma kiswichi cha taa ya katikati hadi hatua ya tatu, ile ambayo sikuwa na desturi ya kuijaribu. Haikuwaka. Nikashika testa. Stima ilikuwapo. Ethi haikuwapo. Kwenye hatua ya mlango taa ile hupata ethi yake kupitia swichi ya mlangoni, ndiyo maana kila nilipofungua mlango iliwaka na kunidanganya. Lakini kwenye hatua ya kuwaka moja kwa moja, ethi hupita kwenye skrubu inayoishikilia taa kwenye paa. Nikamulika kwa tochi. Skrubu moja ilikuwapo. Ya pili, ile yenye kipande cha shaba chini yake, haikuwapo.

Nilimwaga mkebe wote wa kakao juu ya meza. Wakesho akaja akasimama karibu, akaanza kuzipanga kwa ukubwa bila kuulizwa. Ya nne tuliyoijaribu ilikubali. Nikaikaza, nikasukuma kiswichi, taa ikawaka.

"Skrubu niliitoa mimi," nikamwambia mama yake. "Siku ile ya betri."

Aliitazama taa, akanitazama mimi. "Sasa iko?"

"Iko."

"Basi."

Lakini saa sita mchana, jua la Voi, taa ya ndani si kitu. Huwezi kujua kama inatosha kusoma vidole. Sikutaka waende mpaka Njukini wakagundue haitoshi, nikamwona mara ya tano. Nikaomba turubai la lori tukalifunika gari zima, tukaingia ndani na kufunga milango. Baba kwenye usukani, mimi kando yake, mama na Wakesho nyuma chini ya taa. Joto lilikuwa la kuoka mkate. Baba alianza kusema kwamba turubai hili ni zuri, kwamba aliwahi kuwa na moja kama hili akaliazima mtu.

Wakesho aliiangalia taa. Akaiangalia mikono yake mwenyewe. Kisha ikaanza kwenda haraka, na mikono ya mama, iliyokuwa imeinuka kujibu, ikasimama hewani. Baba aliona kwenye kioo chake, akanyamaza katikati ya neno.

"Anasema nini?" nikauliza.

Mama akageuka kwangu. "Anauliza, gizani tulikuwa tunaongea nini."

Akamjibu mtoto kwa ishara fupi, mkono ukikata hewa. Hakuna. Hatukuongea. Hiyo hata mimi niliielewa. Mtoto akatikisa kichwa, akasema tena, na safari hii uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Anasema ni uongo. Anasema alishika kiti cha baba nyuma hapa, kikawa kinatetemeka. Kila safari. Anasema nyumbani pia akishika kiti cha baba anajua baba anaongea." Mama aliendelea kutafsiri. "Anasema anajua tulikuwa tunaongea. Anataka tu kujua ni nini."

Na mimi niliona kitu nilichokifanya. Sikuwa nimewanyamazisha tu. Watu wazima wawili walikuwa wamefunga midomo yao muhula mzima kwa ajili ya mtoto, na mtoto alikuwa amekaa gizani muhula mzima akiamini wanaongea bila yeye. Na hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuthibitisha kimya kwa mtu asiyesikia.

Mimi sijui kufariji watu, mnanijua. Ninachojua ni kupima. Nilishuka nikakunja turubai upande wote wa nyuma ili moshi wa ekzosi upate njia, nikaacha sehemu ya mbele na madirisha yamefunikwa. Nikarudi kwenye kiti changu.

"Mwambie ashike kiti kama alivyoshika," nikamwambia mama. "Na sisi wote tufunge midomo. Baba Wakesho, washa gari."

Akawasha. Wakesho alikuwa ameweka kiganja kwenye mgongo wa kiti cha baba yake. Nikamwona macho yake yakifunguka: kiti kilikuwa kinatetemeka. Akainuka akainama mbele kumtazama baba mdomoni. Mdomo umefungwa. Akamtazama mama. Umefungwa. Akanitazama hata mimi.

"Zima," nikasema. Baba akazima. Kiti kikatulia.

Wakesho akaonyesha kwa kidole: tena. Baba akawasha. Kikatetemeka. Tena. Akazima, kikatulia. Ile mipira ya kushikilia injini ya gari lile ilikuwa imechoka. Niliuhisi mtetemo ule siku ya kwanza kabisa, nikanyamaza kwa sababu mimi ni wa umeme na hilo ni la fundi wa injini. Nalo hilo mliandike kwenye orodha ya makosa yangu.

Gari likiwa limewashwa, Wakesho akaacha mkono mmoja kwenye kiti, na mwingine akauweka kooni kwa baba yake. Akamgusa shavu, aseme. Baba akasema, "Wakesho," halafu akasema tena, "Wakesho, mama," na sauti yake haikuwa nzito tena. Mtoto aliinamisha kichwa akilinganisha mkono na mkono, kwa utulivu ule ule wa Mutiso akitafuta mahali waya ilipokatika. Kiti ni kimoja. Koo ni jingine. Akaonyesha baba afunge mdomo. Koo likatulia, kiti kikaendelea.

Akakaa chini. Tulikuwa tunatiririka jasho wote wanne na hakuna aliyesogea. Kisha akageuka, si kwa mama yake bali kwangu, akasema kitu kifupi kwa mikono.

"Anakuuliza wewe," mama akasema. "Anasema wewe si wa familia, huwezi kumdanganya. Anauliza, safari zote hizo? Hata baba?"

Sijui ishara hata moja mpaka leo isipokuwa jina lake. Niliitikia kwa kichwa, kwa nguvu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikamwomba mama amwambie kwamba aliniambia hivyo mara mbili, hapa hapa gerejini, na mimi mwenye masikio sikusikia.

Wakesho akamgeukia baba yake. Baba akafungua mdomo aseme neno, akaufunga. Akazima injini, akajigeuza kwenye kiti mpaka mgongo ukagusa usukani, akanyoosha mikono yote miwili nyuma, chini ya taa, akamjibu mwenyewe.